UZI: Kuunganisha moduli ya sinthi na programu ya kurekodi (taa inawaka, sauti haiingii)

kinanda_chakavu

Wakuu habari za muda. Huu uzi nimeona niuweke maana swali ni lilelile linakuja kila siku na nguo tofauti. Mtu kapata moduli ya sinthi (kifaa cha umeme cha kutengeneza sauti za ala) ya zamani, ile isiyo na funguo, boksi tu lenye kioo kidogo na vitufe, kachomeka waya kwenye kompyuta, kafungua programu yake ya kurekodi, anabonyeza kinanda, kimya. Mwingine taa ya midi kwenye moduli inawaka vizuri kabisa ila trek haionyeshi kitu. Mwingine anasikia raha kwenye hedifoni alizochomeka kwenye moduli, anatengeneza wimbo mzima, anaexport, akisikiliza faili kinanda hakimo, ngoma tu na sauti ya mwimbaji.

Wote hao wana tatizo moja. Wanadhani waya wa midi unabeba sauti. Haubebi. Midi inabeba maagizo tu, noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, imeachiwa saa ngapi, pedo imekanyagwa au la. Ni kama kondakta na bendi, kondakta anapunga mikono na hatoi mlio wowote, wanaotoa mlio ni wengine. Kwahiyo kompyuta inapunga mkono kupitia midi, moduli inalia, na huo mlio lazima urudi kwenye kompyuta kwa njia yake nyingine kabisa. Njia mbili. Ukishika hapo nusu ya maswali yameisha.

Njia ya kwenda. Kutoka kwenye kompyuta unahitaji kifaa cha midi cha usb, au saundi kadi (kile kifaa cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta) yenye tundu za midi za pini tano. Tundu la OUT la kifaa linaenda kwenye IN ya moduli. Hapa watu wanachanganya OUT na OUT, IN na IN, kwa sababu majina yanafanana akili inataka kuyalinganisha. Toka inaingia kwenye ingia, basi. Na zile waya za usb zenye mikia miwili kuna kizungumkuti kingine, baadhi ya watengenezaji wameandika IN wakimaanisha "huu mkia uchomeke kwenye IN" na wengine wanamaanisha "huu ndo IN wangu". Ukiona kimya badilisha mikia kabla hujaanza kulaani draiva, hakuna kitu kitaungua, mfumo wa midi umetengenezwa hivo makusudi, upande wa kupokea una kijisehemu cha mwanga kinachotenganisha umeme wa vifaa viwili.

Njia ya kurudi. Nyuma ya moduli kuna jeki mbili, L na R, mara nyingi ile ya L imeandikwa L/MONO. Hizo zinaenda kwenye tundu za LINE za saundi kadi yako. Sio tundu ya maiki, sio tundu ya gitaa, na kile kidude cha maiki cha laptopu usikiguse kabisa. Kama saundi kadi ina kitufe cha INST kizime. Ukichomeka jeki moja tu, chomeka ya L, maana ukichomeka R peke yake unapata nusu ya stereo, unasikia kinanda kimelemaa hujui kwa nini.

Kwenye programu sasa. Unafanya trek mbili, ya kwanza ni ya midi, toleo lake linaelekezwa kwenye kile kifaa cha midi na chaneli ambayo moduli inasikiliza. Ya pili ni ya sauti, ingizo lake ni zile tundu mbili za LINE kama stereo. Kwenye Reaper unaingia kwenye setingi za midi unawasha kwanza hilo toleo, limezimwa mwanzoni, alafu kwenye trek unachagua MIDI Hardware Output. Ableton Live ina kifaa chake kinaitwa External Instrument ambacho kinaunganisha zote mbili sehemu moja, unachagua midi inaenda wapi na sauti inatoka wapi. Logic nayo ina kitu cha jina hilohilo. FL Studio unatumia MIDI Out, na namba ya port uliyoweka pale lazima iwe sawa na namba uliyoipa kifaa kwenye setingi za midi, zikitofautiana hata kwa moja hamna kitu.

Mtu wa Windows angalia sana hapa: kwenye orodha ya matoleo ya midi kuna kitu kinaitwa Microsoft GS Wavetable Synth. Hiyo sio moduli yako, ni sinthi ndogo iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Ukiichagua utasikia kinanda kinalia, utafurahi, na moduli imekaa pembeni taa zimezima.

Ulizeni.

---

besi_nzito

Mkuu umenigusa penyewe aisee. Mimi yangu ni Yamaha ya familia ya MU, nimefata kama ulivosema OUT kwenda IN, chaneli 1, taa ya kifaa cha usb inapepesa kila nikibonyeza, moduli haionyeshi hata baa moja kwenye kioo. Waya nimebadilisha. Nini kinakosekana hapo

---

kinanda_chakavu

Angalia nyuma ya moduli kuna swichi ndogo ya kusogeza imeandikwa HOST SELECT, ina nafasi za MIDI, PC-1, PC-2 na Mac. Hizi moduli za miaka ya 90 zilikuwa na tundu lingine la TO HOST la kuunganisha na kompyuta za enzi zile moja kwa moja bila kifaa cha midi. Swichi ikiwa imekaa upande wa PC moduli inasikiliza huko, tundu za pini tano inazipuuza. Isogeze iwe MIDI, alafu zima uwashe. Roland za SC-88 nazo zina swichi ya namna hiyo ya COMPUTER.

---

besi_nzito

Dah. Imelia. Baa zinacheza zote, swichi ilikuwa PC-2 tangu kwa mwenye nayo wa kwanza nadhani. Shukrani mkuu

---

mpiga_solo

Nipo siti ya mbele. Swali langu, moduli yangu ina tundu la usb nyuma, kwahiyo hizo jeki za L na R sizihitaji si ndo? Usb inabeba kila kitu

---

kinanda_chakavu

Inategemea. Moduli nyingi zenye usb, ile usb ni ya midi tu, tena zingine zinaitumia kuhamisha mafaili na basi. Chache ndo zinapitisha na sauti. Namna ya kujua ni rahisi, ichomeke, ingia kwenye setingi za sauti za programu yako uangalie kama moduli inatokea kwenye orodha ya vifaa vya kuingiza sauti. Ikitokea kwenye upande wa midi peke yake, rudi kwenye jeki.

Na hata ikitokea bado kuna kikwazo kwa watu wa Windows, draiva ya ASIO (ile ya kupitisha sauti bila kuchelewa sana) programu nyingi zinakubali moja tu kwa wakati mmoja, kwahiyo ukichagua moduli kama kifaa cha sauti umeiacha saundi kadi yako na maiki yako na spika zako. Mac wanaweza kuunganisha vifaa viwili vikaonekana kimoja kwenye Audio MIDI Setup, kinaitwa Aggregate Device, inafanya kazi ila lazima uwashe kurekebisha mwachano wa saa kwenye kile kifaa cha pili la sivyo baada ya muda vinaanza kuachana na unasikia vidoadoa. Mimi ushauri wangu tumia jeki, sauti ya jeki haina ubaya wowote, nyimbo zote za miaka ile zilipita humo.

---

jini_la_plagini

Samahani niwe mtu mbaya kidogo. Hivi kwa nini mtu ahangaike na swichi sijui HOST sijui mikia ya usb, wakati plagini (sinthi ya programu tupu, ndani ya kompyuta) ya sauti hizohizo ipo, unaifungua, unabonyeza, imeisha? Roland wenyewe wametoa plagini ya JV-1080, moduli yao ya zamani. Mnapenda shida tu

---

kinanda_chakavu

Kwa mtu ambaye hana moduli sitamwambia akaitafute, plagini inamtosha kabisa. Huu uzi ni wa mwenye nayo tayari. Alafu kuna moduli nyingi ambazo plagini yake haijawahi kutoka, na kuna watu wana sauti walizozihariri wenyewe miaka yote zimekaa ndani ya lile boksi, utawaambia waanze upya? Kitu kingine, moduli haili prosesa. Laptopu dhaifu yenye moduli mbili pembeni inabeba wimbo ambao kwa plagini ingekohoa.

---

jini_la_plagini

Hapo kwenye prosesa nakupa. Mengine naendelea kubisha kimoyomoyo

---

sauti_ya_pili

Jamani mimi tatizo langu sio kimya, ni kinyume chake. Kila noti inalia mara mbili, au sio mara mbili kabisa, inakuwa na kale kamlio ka bati, ka kuzunguka, kama mtu kaweka flenja. Nikisikiliza kwenye hedifoni za moduli iko safi. Nina kinanda cha usb, moduli, saundi kadi. Natumia Reaper

---

kinanda_chakavu

Dada (au kaka, samahani) hapo kuna sababu mbili zinazofanana masikioni na dawa zake ni tofauti, kwahiyo tupime kwanza.

Ya kwanza ni sauti kusikika mara mbili. Saundi kadi nyingi zina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, sauti inayoingia inapelekwa kwenye hedifoni papo hapo bila kupita kwenye kompyuta. Wakati huohuo trek yako ya sauti kwenye Reaper imewashwa kusikiliza, kwahiyo sauti ileile inakuja tena imechelewa milisekunde kadhaa. Zikikutana mbili hizo unapata huo mlio wa bati. Zima moja. Hiyo haiharibu kurekodi, ni masikio yako tu yanadanganywa.

Ya pili ni noti kutumwa mara mbili. Hii inatokea kama kinanda chako kimeunganishwa na moduli moja kwa moja kwa midi na pia kupitia kompyuta, moduli inapokea "piga do" mbili. Hii inaharibu kweli maana inakula sauti mara mbili pia, na hata ukirekodi itarekodi hivohivo. Namna ya kupima: toa trek ya sauti kwenye kurekodi, sikiliza moduli kwa hedifoni zake. Umesema huko iko safi, basi yako ni ya kwanza.

Na mwenye sinthi yenye funguo zake, sio moduli tupu, kuna ya tatu, anaingia kwenye menyu anaweka Local Off. Hapo funguo zinaacha kupiga sinthi moja kwa moja, zinatuma kwenye programu tu, na programu ndo inairudishia.

---

sauti_ya_pili

Ni kaka ila hamna neno 😂 nimezima kile kitufe cha saundi kadi, bati limeondoka. Ila sasa nasikia kuchelewa, nabonyeza na sauti inakuja nyuma kidogo, kupiga solo siwezi

---

fundi_mchanga

Hapo ni bafa kaka, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuichakata. Ingia kwenye setingi za saundi kadi angalia bafa yako, kwa 44,100 Hz bafa ya sampo 1024 ni karibu milisekunde 23 kwenda njia moja, 512 ni karibu 11.6, 256 ni 5.8, na 128 ni 2.9. Na sauti inaingia na kutoka kwahiyo zidisha mara mbili, ongeza na ya kibadilishaji chenyewe. Weka 128 wakati wa kurekodi, ukianza kumiksi na plagini zimejaa rudisha 1024. Na hakikisha unatumia draiva ya ASIO ya saundi kadi yenyewe, sio ile ya kawaida ya Windows

Au fanya kinyume cha ulivofanya, washa kitufe cha saundi kadi usikilize moja kwa moja, zima kusikiliza kwenye trek ya Reaper. Hapo sauti haisubiri bafa upande wa kurudi, kinachobaki ni ule muda wa midi kwenda tu

---

kinanda_chakavu

Huyu fundi_mchanga sio mchanga. Njia yake ya pili ndo naitumia mimi.

Niongeze kitu watu wengi hawakifanyi. Hata kama huisikii kuchelewa wakati unapiga, ukirekodi sauti inaweza kukaa nyuma ya gridi. Programu inajua kuchelewa kwa saundi kadi na inarekebisha, ila haijui moduli yako inachukua muda gani tangu ipokee noti mpaka ilie. Moduli za zamani prosesa yake ilikuwa ndogo. Pima hivi: chagua sauti fupi yenye kichwa kikali, rimshoti au klevi, sio stringi zinazopanda taratibu. Andika noti za midi zilizokaa juu ya gridi kabisa, rekodi sauti inayorudi, alafu vuta karibu uone mawimbi yanaanza wapi. Kama yanaanza sampo 400 nyuma kwa 44,100 hiyo ni milisekunde 9. Unaenda kwenye External Instrument ya Live kuna sehemu ya Hardware Latency unaweka hiyo namba, au kwenye Reaper unaiwahisha ile trek ya midi kwa kiasi hicho, kuna sehemu ya kuchelewesha au kuwahisha uchezaji wa trek. Pima mara kadhaa maana namba haitakuwa moja kila mara, itacheza kidogo, chukua ya katikati.

Kucheza huko kidogo hakutaisha. Midi ya pini tano ina kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, iliwekwa hivo tangu 1983 na haijabadilika. Agizo moja la kupiga noti ni baiti tatu, ni karibu milisekunde nzima kufika. Ukibonyeza kodi ya vidole kumi, kidole cha kumi kinafika nyuma ya cha kwanza kwa milisekunde kadhaa. Kwenye kinanda husikii. Ila ukiweka ngoma, besi, stringi na gitaa zote kwenye moduli moja na zote zinagonga kwenye biti ya kwanza, kiki inaanza kulegea.

---

kisiki_cha_midi

Ongeza pia kwamba ukiwa na noti nyingi za chaneli moja mfululizo, mtumaji anaweza kuacha kurudia baiti ya kwanza, zinabaki mbili, kwahiyo sio mbaya kama inavosikika. Na kwa hiyo ya kiki kulegea, kwenye programu panga trek ya ngoma iwe juu, na hizi kontrola za kumiminika kama pichi bendi (kupinda noti) na aftatachi (nguvu ya kuendelea kukandamiza funguo) zipunguze, ndo zinazojaza bomba. Kinanda kikituma aftatachi kwenye kila mbonyezo na moduli haitumii, kizimie hukohuko

---

mpiga_solo

Haya nimerudi. Nimefata jeki. JV-1080. Inalia ila sauti moja tu, nimetengeneza trek tano za midi chaneli 1 mpaka 5 na zote zinalia piano ileile au hazilii kabisa

---

kinanda_chakavu

Uko kwenye hali ya Patch. Hapo moduli inasikiliza chaneli moja tu na ni sauti moja. Bonyeza PERFORM uingie kwenye Performance, humo kuna sehemu 16, kila sehemu ina sauti yake na chaneli yake. Chaneli ya 10 kwa kawaida ndo ya ngoma.

Kabla hujaanza kujaza zote 16 elewa hesabu. JV-1080 ina sauti 64 kwa pamoja, ila patch moja inaweza kutumia toni mpaka 4, na kila toni inahesabika. Kwahiyo patch nono ya toni 4 inakupa noti 16 tu, ukakanyaga pedo ukapiga kodi nne zimeisha, moduli inaanza kukata noti za zamani. Watu wanadhani mbovu. SC-55 ya 1991 ina 24 tu.

Ndo maana mimi sirekodi moduli nzima kwa mpigo. Nazima trek zote za midi naacha moja, narekodi sauti yake, nahamia inayofuata. Inachukua muda ndio, wimbo wa dakika nne unarekodiwa dakika nne kwa kila ala, hakuna ile export ya haraka ya plagini. Ila unapata trek zilizotengana, unaweza kuziwekea EQ kila moja, na sauti hazikatwi. JV-1080 pia ina matoleo sita nyuma, MIX mbili na DIRECT nne, mwenye saundi kadi ya tundu nyingi anaweza kuchukua ngoma kwenye DIRECT na vingine kwenye MIX kwa pamoja.

---

mwanamitambo

Rivabu (mwangwi) na korasi (ile ya kunenepesha sauti) za moduli unaziacha au unazima?

---

kinanda_chakavu

Rivabu nazima, kontrola namba 91 naiweka 0 mwanzo wa trek. Rivabu ya moduli ni moja inayotumiwa na sehemu zote, na ukishaichapa ndani ya sauti huitoi tena. Korasi (93) naangalia, kuna pedi na piano za umeme ambazo bila korasi yake hazijitambui, hiyo naiacha.

---

jini_la_plagini

Nabisha tena. Kama unazima rivabu ya moduli unaweka ya plagini, umebakiza nini cha "ladha ya zamani"? Ile rivabu ya bati ndo ladha yenyewe. Mimi ningekuwa na hilo boksi ningerekodi na kila kitu chake

---

kinanda_chakavu

Hoja nzuri kwa kweli. Rekodi mara mbili basi, kavu na yenye rivabu, nafasi ya diski siku hizi sio tatizo. Ila kwa mtu anayeanza naendelea kusema kavu.

---

sauti_ya_pili

Kiwango cha sauti je, niweke mpaka wapi? Mimi napandisha mpaka karibu na nyekundu ili isiwe na mvumo

---

fundi_mchanga

Hapana usifike huko. Rekodi biti 24, kilele kikae kati ya -18 na -12 dB hivi, kuna nafasi tele. Kupandisha gini (ukuzaji wa sauti inayoingia) kwenye saundi kadi kunapandisha na mvumo wa moduli pamoja. Kinachosaidia ni volyumu ya moduli yenyewe, ile nobu ya mbele ipandishe karibu mwisho, na kwenye midi kontrola 7 iwe juu, alafu gini ya saundi kadi ndo uishushe mpaka kilele kikae pazuri. Watu wanafanya kinyume, moduli robo, saundi kadi juu, wanaishia kurekodi upepo

---

besi_nzito

Na mlio wa "mmmmm" wa chini unaoendelea hata usipobonyeza kitu? Nikichomoa chaja ya laptopu unaisha

---

kinanda_chakavu

Huo ni mzunguko wa ardhi. Laptopu na moduli zinakutana kwa njia mbili, kwenye umeme wa ukutani na kwenye waya wa sauti, na zile jeki za kawaida zisizo na balansi zinaubeba huo mlio mpaka ndani. Anza kwa kuchomeka vyote kwenye soketi moja ya upanuzi. Ukibaki, weka boksi la DI lenye transfoma kati ya moduli na saundi kadi, au kitenganishi cha transfoma cha stereo. Au rekodi kwa betri kama laptopu inastahimili.

Kuna "fundi" atakwambia kata pini ya ardhi ya plagi. Usikate. Mlio utaisha kweli, ila siku moduli ikipata hitilafu ndani hilo bodi la chuma litakuwa na umeme na mkono wako ndo utakuwa ardhi.

Na kwa kuwa tuko kwenye umeme, wenye moduli zilizotoka soko la Japani someni kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Nyingi ni volti 100, zinahitaji transfoma ya kushusha. Ukichomeka 230 hakuna uzi wa kukusaidia.

---

kisiki_cha_midi

Mkuu hujagusa betri na sisex

---

kinanda_chakavu

Nilikuwa naikwepa maana ni ndefu. Moduli nyingi za enzi zile zinatunza sauti ulizozihariri kwa kibetri kidogo ndani, JV-1080 kwa mfano ni CR2032. Kikiisha, sauti za kiwandani zinabaki, zako zinapotea. Kwahiyo kabla ya kubadilisha, na hata kabla hakijaisha, zitoe zote kwenda kwenye kompyuta kwa sisex (ujumbe wa midi unaobeba data za ndani za kifaa). Hapa ndo unahitaji waya wa pili wa midi, OUT ya moduli kwenda IN ya kifaa cha usb. Windows kuna MIDI-OX, Mac kuna SysEx Librarian. Unaiweka kwenye kupokea, kwenye moduli unaenda kwenye menyu ya kutuma data, unatuma, unaokoa faili.

Kurudisha ndo kwenye mitego. Namba ya kifaa lazima iwe sawa na ilivokuwa wakati wa kutoa, Roland wanaanzia 17. Kinga ya kumbukumbu lazima izimwe. Na zile waya za usb za bei ya chini kabisa, nyingine zinakata sisex ndefu katikati, moduli inaandika hitilafu ya cheksamu au inanyamaza. Punguza kasi ya kutuma kwenye programu, weka pumziko kati ya ujumbe na ujumbe, ikigoma bado badilisha kifaa cha midi. Kwa noti za kawaida kifaa kilekile kinaweza kufanya kazi bila shida yoyote, ndo maana mtu anabisha kwamba waya wake ni mzima.

---

mwanamitambo

Mimi upande wangu ni moduli za reki, zile za volti, sio za midi. Sheria ni hizohizo?

---

kinanda_chakavu

Njia mbili bado ni mbili ila ya kwenda inabadilika dada. Unahitaji kibadilishaji cha midi kwenda volti, au saundi kadi ambayo matoleo yake yanapitisha umeme mnyoofu, sio zote, ndo unaweza kutuma volti ya noti moja kwa moja kutoka kwenye programu. Wengi wanafata volti 1 kwa oktavu, ukilenga vibaya oktavu ya juu inapishana na ya chini. Njia ya kurudi jihadhari, sauti ya hizo moduli ni kubwa sana kuliko LINE, inaweza kufika volti 10 kutoka kilele mpaka kilele, pitisha kwanza kwenye moduli ya kushusha.

Na mwenye vifaa vipya vyenye midi ya jeki ndogo ya 3.5, kuna aina A na B, pini zimepishana. Tangu 2018 aina A ndo kiwango rasmi, ila vifaa vya kabla ya hapo viko vya kila namna. Ukiona kimya na kila kitu kiko sawa, shuku adapta.

---

mpiga_solo

Zimelia zote tano sasa. Kitu kimoja kinanisumbua, nikianza wimbo katikati sauti zinakuwa sizo, besi inakuwa filimbi

---

kinanda_chakavu

Hiyo ni kwa sababu agizo la kubadilisha sauti umeliweka mwanzo kabisa wa wimbo, ukianzia katikati moduli haijalipata, imebaki na sauti ya mara ya mwisho. Angalia kama programu yako ina chaguo la kufuatilia maagizo ya nyuma ukianza kucheza katikati, liwashe. Kama halipo, ihifadhi hiyo Performance ndani ya moduli na uandike jina lake kwenye maelezo ya projekti.

Ukiandika mwenyewe hayo maagizo, mpangilio ni kontrola 0, alafu 32, alafu ndo namba ya sauti, na uviache vipishane kidogo, usivirundike sehemu moja. Na ukiona umeita 35 imekuja 36 usishangae, programu zingine zinahesabu kuanzia 0 na moduli inahesabu kuanzia 1.

---

mpiga_solo

Ndo hapo hapo, ilikuwa inapishana moja. Naanza kurekodi besi